RELI YA KATI NA WAISLAMU WA NJIANI
Kutoka njia ya mapagazi hadi treni ya umeme

Shukrani zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, katika Surat an-Nahl, aya ya 8, Mwenyezi Mungu ametutajia farasi, nyumbu na punda kuwa ni vipando vyetu na pambo, kisha akatujulisha kwamba Yeye huumba na tusivyovijua. Wafasiri wa zama za karibuni wakifika mwisho wa aya hiyo huingiza humo meli, magari, ndege na gari la moshi. Katika makala hii tumekusudia kuzungumzia gari la moshi, tena si kwa jumla, bali reli moja tuliyokulia kando yake: Reli ya Kati, itokayo Dar es Salaam hadi Kigoma, na yale iliyowafanyia watu wa njiani, hasa Waislamu.

Tumesukumwa kuandika na mambo mawili. La kwanza ni kwamba vijana wetu husimuliwa historia ya reli hii kama kwamba kabla yake bara ilikuwa kiza kitupu, na wengine hudhani hata Uislamu ulifika Tabora na Kigoma kwa behewa. La pili ni tukio lililotukuta katika mji mmoja wa stesheni, ambalo tutalieleza mwishoni kwa kuwa ndilo lenye funzo la fiqhi. Lakini halifahamiki bila ya historia, basi na tuanze na historia.

KABLA YA RELI

Njia ni kongwe kuliko reli. Katika karne ya 19 misafara iliondoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Tabora katika nchi ya Unyanyembe, na kutoka hapo ikaendelea mpaka Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Ni mwendo wa kilomita zipatazo 1,200 kwa miguu. Mizigo ilibebwa na mapagazi, na mashuhuri kati yao walikuwa Wanyamwezi. Pagazi mmoja alichukua kiasi cha frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, kichwani au begani. Kutoka pwani hadi Tabora peke yake msafara ulichukua kama miezi mitatu, na katika Ugogo ulisimama kila mara kulipa hongo kwa watemi ili upewe njia na maji.

Katikati ya karne ile Waarabu wa Oman na Waswahili wa Mrima walikuwa na makazi Tabora na Ujiji. Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858 walipita katika njia ambayo Waislamu walikwisha kuikanyaga zamani. Ujiji ilikuja kuongozwa na Mwinyi Kheri, mfanyabiashara mwenye asili ya Mrima. Kwa hiyo adhana ilisikika kando ya ziwa zaidi ya nusu karne kabla ya honi ya treni. Mwenye kusema kuwa reli ndiyo iliyoleta Uislamu bara amekosea hesabu.

Wala hatutaficha upande wa pili, kwani historia ni amana. Misafara hiyo ilibeba pembe za ndovu, na ndani yake walikuwemo watu waliofungwa minyororo. Dhulma ile ilifanywa na watu wa dini mbalimbali, wakiwemo waliojiita Waislamu. Lakini tazama kudura ya Mwenyezi Mungu: mmoja katika watoto walioletwa Bagamoyo utumwani kutoka Manyema, nchi ya Kongo, ndiye aliyekuja kuwa Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya. Alisoma, akasomesha, akawa kiongozi mkubwa wa Qadiriya katika Tanganyika mpaka alipofariki mwaka 1931. Tutarudi kwake mbele.

JINSI RELI ILIVYOJENGWA

Reli ya kwanza ya Wajerumani haikuwa hii. Ilianzia Tanga mwaka 1893, ikaenda taratibu sana: Muheza mwaka 1896, Korogwe mwaka 1902. Huku nyuma Waingereza walianza yao Mombasa mwaka 1896, na mwaka 1901 walikuwa wamefika Ziwa Viktoria, mahali panapoitwa leo Kisumu. Hapo ndipo Wajerumani waliposhtuka. Mizigo ya Mwanza na nchi za ziwa, iliyokuwa ikishuka kwa vichwa vya watu hadi Bagamoyo, ilianza kuvuka ziwa kwa chombo na kupanda gari la moshi kuelekea Mombasa.

Basi mwaka 1905 wakaanza kujenga kutoka Dar es Salaam. Mwaka huo una mazingatio. Ndio mwaka aliofariki Zanzibar Hamed bin Muhammed al-Murjebi, yaani Tippu Tip, mkubwa wa misafara wa mwisho. Na ndio mwaka vilipozuka vita vya Maji Maji kusini. Zama moja ilikuwa inazikwa na nyingine inazaliwa kwa damu. Mwezi wa Desemba 1907 treni ilifika Morogoro. Mwaka 1912 ikafika Tabora. Na mwezi wa Februari 1914 reli ikagusa maji ya Kigoma. Urefu wake ni kilomita 1,252, na upana kati ya chuma na chuma ni mita moja.

Nani aliyeijenga? Kampuni ilikuwa ya Kijerumani, na wakandarasi wadogo wengi walikuwa Wagiriki. Lakini waliovunja mawe, wakainua tuta na kulaza mataruma walikuwa watu wa nchi hii, na wengi wao ni wale wale Wanyamwezi waliokuwa mapagazi. Huu ni mfano adimu: watu wanaajiriwa kujenga kitu kitakachoifuta kazi ya baba zao. Wengine walikwenda kwa kutafuta ujira. Wengine walisukumwa na kodi iliyotakiwa kwa fedha taslimu, na fedha haikupatikana ila kwa kufanya kazi ya mzungu. Maradhi yaliwamaliza wengi kambini. Leo makaburi yao hayana alama, na sisi tunapita juu ya tuta lao tukinywa chai.

Tuseme wazi kuwa reli haikujengwa kwa ajili yetu. Ilijengwa kupitisha askari upesi, kushusha mazao pwani na kupandisha bidhaa bara. Lakini nia ya mjenzi ni jambo moja, na matumizi ya njia baada ya kujengwa ni jambo jingine.

MIJI ILIYOACHWA NA MIJI ILIYOZALIWA

Athari ya kwanza iliipata Bagamoyo. Mji huu ulikwisha kupokonywa makao makuu mwaka 1891 yalipohamishiwa Dar es Salaam, lakini misafara ilibaki. Mwaka 1900 mapagazi wapatao 35,000 waliondoka Bagamoyo kwenda bara. Mwaka 1912 walioondoka hawakufika hata 200. Msomaji na azisome tena hesabu hizo mbili. Kati yake kuna miaka 12 tu. Ndani ya miaka hiyo mama lishe wa njiani, mafundi wa kufunga mizigo, wenye nyumba za kulaza wageni, wauza shanga na wauza vitambaa, wote walipoteza riziki. Hakuna aliyewafukuza, njia iliwahama tu.

Athari ya pili ni katika Ugogo. Mpwapwa ilikuwa kituo kikubwa cha misafara. Reli ikapita kusini yake, Gulwe. Kilimatinde ilikuwa boma la Wajerumani. Reli ikaiacha juu kwenye kilima, na mji ukakua Manyoni. Hongo za watemi zikafa, kwani treni haisimami kuomba njia. Na mahali palipokuwa kijiji tu cha Wagogo, Dodoma, pakawa stesheni mwaka 1910, kisha mji, na leo ni makao makuu ya nchi.

Athari ya tatu ni huko mwisho wa reli. Ujiji ilikuwa mji wa karne nzima, lakini maji yake ni mafupi kwa meli kubwa. Ghuba ya Kigoma, mwendo wa kilomita chache tu kutoka hapo, ina kina. Basi reli ikaenda Kigoma, na Ujiji ikawa kama mzee aliyeachwa barazani huku wageni wote wakipita kwa kijana wake. Meli Graf von Goetzen ililetwa kutoka Ujerumani ikiwa vipande ndani ya masanduku, ikapandishwa kwa reli, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Ndiyo ile ile MV Liemba ambayo babu na bibi zetu waliipanda.

Tabora ndiyo iliyosalimika katika miji ya zamani, kwa sababu reli ilipita ndani yake na baadaye ikawa njia panda. Tawi la kwenda Mwanza lilikamilika mwaka 1928.

Lakini hapa pana jambo ambalo wanahistoria wengi hulipita. Neema ya biashara ilihama pamoja na stesheni, ila elimu haikuhama. Bagamoyo iliyokwisha biashara ndiyo hiyo hiyo Bagamoyo ya Sheikh Ramiya. Darsa zake zilistawi katika miaka ambayo bandari ilikuwa inakauka, na wafuasi wa Qadiriya walikuwa wametapakaa katika njia yote hadi Ujiji. Na Ujiji iliyopitwa na reli haikupitwa na Qur'ani. Mpaka leo mtu wa Kigoma akitaka kujua nasaba ya elimu ya masheikh wa mkoa wake hupelekwa Ujiji. Sababu yake iko wazi. Biashara ya miji ile ilisimama juu ya njia, na njia ikihama nayo huhama. Madrasa zilisimama juu ya watu, na watu walibaki.

VITA VYARUDISHA MZIGO KICHWANI

Reli haikumaliza hata mwaka mmoja tangu ifike Kigoma, vita vya kwanza vya dunia vikaanza. Wajerumani walikuwa wameandaa maonesho makubwa Dar es Salaam mwezi wa Agosti 1914 kusherehekea kukamilika kwa reli. Badala ya sherehe ikaja mizinga. Mwaka 1916 walipokuwa wakirudi nyuma walivunja madaraja, na majeshi ya Uingereza na ya Ubelgiji yakashika njia yote. Dar es Salaam na Tabora zote ziliangukia mikononi mwao mwezi wa Septemba mwaka huo.

Njia ilipokatika, mzigo ulirudi kichwani mwa mwanadamu. Maelfu kwa maelfu ya wanaume walikamatwa kuwa wapagazi wa vita wa pande zote, na wengi hawakurudi makwao. Jina la Kariakoo, mtaa maarufu wa Dar es Salaam, linatokana na kikosi hicho cha wabeba mizigo wa Waingereza. Ugogo, ambako majeshi yalipita na kuchukua nafaka na ng'ombe, kuliingia njaa kubwa ambayo Wagogo waliita Mtunya. Reli iliyofanya nchi yao ipitike kwa wepesi ndiyo iliyoifanya iwe njia ya majeshi. Kila chombo kina ncha mbili.

WAISLAMU WA KOTA

Baada ya vita Waingereza waliifufua reli, na ndipo ilipozaliwa jamii mpya ambayo sisi ni watoto wake: jamii ya kota za reli. Stesheni masta, gadi, dereva, fundi wa karakana, na watu wa gengi wanaotembea kila asubuhi kukaza misumari ya mataruma. Waliletwa kutoka kila kabila. Mzaramo alipangiwa Itigi, Mnyamwezi akapangiwa Kilosa, Mmanyema akapangiwa Ngerengere. Hawakuwa na ukoo pale, wala mashamba ya mababu, wala kaburi la mzee. Mtu akifiwa, nani atamwoshea maiti wake? Akizaliwa mtoto, nani atamfundisha juzuu? Swali hilo ndilo lililojenga misikiti mingi midogo ya miji ya stesheni. Haikujengwa na tajiri wala na serikali. Ilijengwa na watu wa mishahara midogo kwa kuchangishana siku ya mshahara.

Wahindi nao walifuata njia kwa maduka, na miongoni mwao walikuwemo Waislamu wa madhehebu mbalimbali. Waarabu walikuwa na maduka ya rejareja hadi katika stesheni ndogo. Kisha wakapita manamba, vijana waliochukuliwa Kigoma na Tabora kwenda kukata mkonge katika mashamba ya Morogoro na Tanga. Wapo waliokwenda hawana dini ya kitabu, wakasilimu wakiwa kambini pamoja na wenzao wa pwani, wakarejea makwao na majina mapya na kofia kichwani. Hakuna mhadhiri aliyelipwa kwa kazi hiyo. Waliishi pamoja, wakafuturu pamoja, yakatosha.

Sisi wenyewe tulipokuwa wanafunzi tulisafiri daraja la tatu kutoka Kigoma kwenda kusoma pwani, usiku mbili na siku moja au zaidi ikiwa Mungu amepitisha mvua. Tunakumbuka Saranda, abiria wote wakishuka kununua kuku na wali. Tunakumbuka usiku mmoja treni ilipokwama katika kijistesheni kisicho na taa. Mtu mmoja wa gengi, hatujui jina lake hata leo, alitujia na ndoo ya maji, akatuambia, "Wanangu, tieni udhu, Isha bado ina wakati." Alituswalisha juu ya changarawe, kisha akatuonesha kibanda cha miti kando ya tuta: msikiti wao. Alisema wameuezeka mara tatu. Katika yote tuliyosoma pwani, ndoo ile hatukuisahau.

Wala reli haikuwa neema tupu. Tarehe 24 Juni 2002, karibu na Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria ilirudi nyuma kwenye mteremko ikagongana na treni ya mizigo, na watu 281 wakapoteza maisha. Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waja wake waumini waliokufa safarini. Na mwishoni mwa mwaka 2009 mafuriko ya Kilosa yalichukua tuta, na miji ya njiani ikakaa miezi bila ya treni. Ndipo watu wa stesheni ndogo walipoonja kile walichoonja watu wa Bagamoyo miaka 100 kabla yao.

MASUALA YA FIQHI YALIYOLETWA NA TRENI

Gari la moshi lilipokuja liliwaletea wanafunzi wa fiqhi maswali, na ni vizuri kuyataja kwa ufupi kwani abiria bado huyauliza.

Swali la kwanza: mtu aliyetoka Dar es Salaam akafika Morogoro kwa saa chache, je, anapunguza swala, na hali mababu zake walikwenda masafa hayo kwa siku nyingi za taabu? Jawabu katika madhehebu yetu ya Shafii ni kwamba kinachozingatiwa ni masafa, si uchovu wala muda. Imam Nawawi katika Minhaj amebainisha kuwa safari ya bahari ni kama ya nchi kavu, na kwamba mtu hata akizikata maili zile katika saa moja atapunguza. Imam huyu alifariki mwaka 676 Hijria, hakuona treni wala injini, lakini kanuni aliyoisimamisha imetutosha hadi leo.

Swali la pili: swala ya faradhi ndani ya treni inayokwenda. Mwenye kuweza kusimama na kuelekea kibla na aswali hivyo, na treni ikipinda naye ageuke. Msafiri wa safari ndefu ana ruhusa ya kukusanya swala, na treni ya zamani ilisimama mara nyingi, basi na atumie vituo. Asiyeweza kabisa, na wakati unatoka, ataswali kama awezavyo kwa kuuheshimu wakati, kisha atairudia. Na asili yake ni yale waliyoyasema wanazuoni wetu juu ya mtu anayehofia kuachwa na msafara akishuka katika mnyama wake.

Swali la tatu ni la dereva na gadi ambao maisha yao yote ni safari. Wanazuoni walimzungumzia nahodha anayeishi chomboni pamoja na ahali zake, wakasema kutimiza swala ni bora kwake. Lakini dereva mwenye nyumba na mke Tabora si kama nahodha huyo. Ana mji anaotoka na mji anaorudia, kwa hiyo ruhusa ya msafiri iko kwake.

RELI YA HIJAZ, NDUGU YAKE

Katika miaka ile ile ambayo Wajerumani walikuwa wakijenga yao, Sultani Abdulhamid wa Pili alikuwa anajenga reli ya Hijaz, kutoka Damascus kwenda Madina. Ilianza mwaka 1900 na kufika Madina mwaka 1908, urefu wa kilomita zipatazo 1,300, karibu sawa na yetu. Waislamu wa nchi nyingi waliichangia kwa sadaka zao ili mahujaji wasafiri kwa amani.

Reli ile ya nia njema iliharibiwa katika vita hivyo hivyo vya 1914–1918, na sehemu yake ya kusini kuelekea Madina haikufufuka. Na reli hii ya mkoloni ikafufuliwa, ikabeba wanafunzi wa dini, maiti, harusi na misahafu kwa miaka 100. Hatusemi kuwa nia haina thamani. Malipo ya waliochangia yako kwa Mola wao. Tunasema kuwa kitu cha umma hudumu pale kinapopata watu wa kukilinda. Hili ndilo linalotufikisha kwenye tukio tulilotangulia kuliahidi.

RELI MPYA NA WAKFU WA ZAMANI

Leo njia inahama tena. Reli mpya ya kiwango cha kimataifa, yenye upana wa milimita 1,435 na treni za umeme, ilianza kubeba abiria mwaka 2024, kwanza hadi Morogoro kisha hadi Dodoma, na kazi ya kuelekea Mwanza na Kigoma imeanza. Vituo vyake ni vichache kuliko vya zamani, na vingine viko pembeni ya miji. Morogoro, kwa mfano, stesheni mpya iko Kihonda. Sisi tumeipanda na tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa wepesi wake. Maendeleo si adui wa dini. Lakini mwenye kuijua habari ya Bagamoyo na Gulwe lazima ajiulize: ni mji upi utakaoachwa safari hii, na ni upi utakaozaliwa?

Tulipita katika mji mmoja wa njiani ambao hatutautaja. Palikuwa na madrasa ya vyumba viwili katika kiwanja alichokitoa wakfu mzee mmoja wa gengi, miaka mingi kabla ya uhuru. Aliutamka wakfu wake mbele ya jamaa baada ya swala ya Ijumaa, wakaitikia, wakasoma Fatiha. Hakuna aliyeandika. Mashahidi wote wamekufa. Kiwanja kilipohitajiwa kwa ujenzi, ukuta ukapakwa alama nyekundu, na wathamini wakauliza jina la mmiliki. Mjukuu wa yule mzee akataja jina la babu yake, kwa nia nzuri tu. Fidia ikatoka kwa jina hilo. Fedha zilipofika, warithi wakasema hizi ni mirathi, wakagawana. Watoto wakabaki kusomea chini ya mwembe. Imamu wa pale alituambia kwa sauti ndogo, "Sheikh, hakuna aliyeiba. Lakini madrasa haipo."

Hukumu yake ni hii. Kitu kilichowekwa wakfu hutoka katika miliki ya mtoaji. Hakiuzwi, hakitolewi zawadi, wala hakirithiwi. Haya ndiyo masharti ya Umar bin al-Khattab (r.a.) alipoiweka wakfu ardhi yake ya Khaybar kwa ushauri wa Mtume (s.a.w.). Na wakfu ukiharibiwa ukalipwa thamani yake, wanazuoni wa Shafii wamesema thamani hiyo si mali ya mtu. Hununuliwa kitu mfano wake kikawa wakfu mahali pa kile cha kwanza. Basi warithi waliogawana fidia ile wamekula kisicho chao, hata kama hawakujua, na wanawajibika kuirudisha ili kiwanja kingine kinunuliwe.

Lakini tusiwalaumu wao peke yao. Wakfu wa Umar uliandikwa. Imepokewa kwa Abu Dawud kuwa Mu'ayqib ndiye aliyeandika na Abdullah bin al-Arqam akashuhudia. Ikiwa Umar, katika mji uliojaa maswahaba wakweli, hakutosheka na maneno matupu, sisi tumetosheka na nini? Wazee wetu wa kota walikuwa na ikhlasi, walikosa karatasi. Sisi tuna karatasi na kalamu, basi isiwe tumekosa ikhlasi.

Kwa hiyo tunawausia maimamu na wanafunzi wa miji yote ya njiani, kuanzia Ngerengere hadi Kigoma, mambo matatu. Kwanza, kila msikiti uandike historia ya kiwanja chake: nani alitoa, lini, mipaka yake ni ipi, nani anashuhudia. Wapo wazee wa miaka 80 na zaidi ambao bado wanakumbuka; mwakani huenda wasiwepo. Pili, kiwanja kisajiliwe kwa jina la wadhamini wa msikiti au madrasa, si kwa jina la imamu wala la mjukuu. Tatu, makaburi ya kando ya reli yawekewe mipaka na alama, maana njia mpya ikija haiwezi kuheshimu kisichoonekana.

Mapagazi walipita, na jina la pagazi mmoja mmoja hatulijui. Waliolaza mataruma walipita. Watu wa gengi walioezeka msikiti mara tatu nao wanapita. Walichotuachia ni vipande vidogo vya ardhi ambavyo waliona ni vya Mwenyezi Mungu. Treni haitatuuliza kama tumejiandaa, itapita tu. Tutakaoulizwa ni sisi.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, ahifadhi wakfu za Waislamu, na atujaalie tuwe wenye kutunza amana.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.